Mwezi Ambao Hatukuutaja

Kila Januari nilimshika mkono kaka yangu Gocha
tukapanda ngazi za zahanati ya Kutaisi.
Ngazi thelathini na moja. Alipumzika mara nne,
yeye aliyebeba udongo begani tangu utotoni.
Daktari Lamara alikuwa mwema. Alikuwa na karatasi ya maswali tisa
na hita ndogo iliyonuka vumbi lililoungua.
Unalala? Unakula? Unajiona huna thamani?
Katika wiki mbili zilizopita, alisema,
akigonga kalamu kwenye neno "mbili".

Gocha alijibu akitazama viatu vyake.
Yale aliyoyaruka niliyajibu mimi.
Sonona, akaandika daktari, wala hakukosea,
kama asivyokosea mtu aliyefungua kitabu katikati
akausoma ukurasa ule vizuri, herufi kwa herufi.

Damu: safi. Picha ya kichwa: safi.
Kwetu hufinyangwa mitungi ya mvinyo,
mikubwa, mtu mzima husimama ndani,
nayo huzikwa ardhini hadi shingoni.
Baba aliugonga mtungi kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.
Ufa usioonekana husikika.
Lakini mtu ukimgonga hujibu: sijambo.

Sasa Aprili.
Aprili hatukumpeleka kokote.
Nani hupanda ngazi thelathini na moja
kwenda kuishtaki furaha?
Gocha aliamka kabla ya majogoo, kisha akaacha kulala kabisa.
Mtungi huinuliwa shubiri moja kwa siku,
ukauke, ndipo shubiri nyingine;
yeye aliinua saba kwa mpigo, usiku, kwa taa za gari.
Alinunua punda wawili na kinanda.
Alimposa mwalimu wa hesabu kupitia dirisha la darasa.
Maneno yake yalikanyagana visigino.
Nasi, nisikilize vizuri, nasi tulicheka.
Mama aliwasha mshumaa wa shukrani kanisani.
Baada ya dhiki faraja, tukasema.
Amepona, tukasema.
Neno hilo ndilo lililotuchelewesha miaka minane.

Mitungi saba ilipasukia tanuruni.
Mei madeni, Juni kimya.
Januari ngazi tena, maswali tisa tena,
na vidonge vikaongezwa, vidonge ambavyo
(tulikuja kuambiwa baadaye, kwa upole)
huenda ndivyo vilivyokuwa vikiipulizia Aprili moto.

Nilikuwa natafuta risiti ya punda
nilipoliona daftari la mama la matumizi.
Chumvi, lari mbili. Mafuta ya taa. Sindano.
Halafu pembeni, kwa penseli: G. hajalala, usiku wa nne.
Mwaka mwingine: G. anaimba hadi alfajiri, Mungu asifiwe.
Mwaka mwingine: G. tena.
Aprili, Aprili, Machi, Aprili.

Daktari mpya, Eteri, kijana, kucha kazitafuna,
alilisoma lote tukiwa tumekaa.
Dakika arobaini. Nje foleni ilinung'unika.
Kisha akamwuliza Gocha swali la kumi:
Ulipokuwa na furaha, ulikuwa unalala?

Gocha alicheka kidogo. Alinitazama mimi, si daktari.
Kwa hiyo hata ile, akasema, haikuwa yangu?

Hakuna aliyemjibu.
Baipola, akaandika Eteri, na mbele yake alama ya kuuliza.
Nitaifuta alama au nitalifuta neno, alisema,
nipeni mwaka mzima.
Aprili mje hata akiwa mzima.
Hasa akiwa mzima.

Leo ni tarehe tisa.
Uani kuna mtungi mmoja, umefika magotini.
Asubuhi Gocha alipiga mluzi,
nami nikaganda na sahani mkononi, nikiupima.
Ni mluzi tu, Tsiuri, alisema bila kugeuka.

Nimechonga penseli. Nimeandika pembeni, chini ya bei ya unga:
G. kapiga mluzi. Alilala saa sita.