Kabla Sijakupa Ufunguo

Kaa kwanza, Anselm. Maji yako haya, ya barafu.
Pikipiki haitakimbia, ina mnyororo.
Umesema kwenu mnapita kulia.
Hapa Lampang ni kushoto, na hilo ndilo jepesi:
mkono utajifunza kwa siku tatu.
Jicho ndilo litakalochelewa.

Gari la mbele likikuwashia taa kali
usidhani dereva anakukaribisha.
Anasema: nakuja, sisimami, shauri yako.
Mpangaji wangu mmoja alidhani ni adabu,
akapunga mkono wa ahsante, akaingia barabarani.
Sitakusimulia habari za mkono huo.

Ukingo wa barabara una wenyewe:
muuza ngisi, jiko lake likifuka ubavuni mwa pikipiki,
mtoto wa darasa la sita, bibi yake nyuma,
mtungi wa gesi katikati,
wote wakija kinyume, wakikukazia macho
kana kwamba wewe ndiye uliyepotea.
Wapishe. Usipige honi.
Honi tunawapigia mizimu penye vibanda vyao;
mtu hai ukimpigia, umemtukana.

Mgeni ni kuku mweupe:
wakigongana weusi kumi, ataonekana yeye.
Basi usiingie barabarani na haki yako.
Ingia na breki.

Mbwa waliolala katikati ya lami si wafu.
Wengi wao.

Mwezi wa pili malori ya miwa hutoka usiku kwenda Ko Kha,
yamefura kuliko njia yenyewe, nyuma hayana taa,
yana kitambaa chekundu tu,
na usiku kila kitambaa ni cheusi.
Na mvua ya kwanza, afadhali ya kumi:
vumbi na oili ya miezi mitano
huifanya lami sinia lililopakwa mafuta.
Ingia kituo chochote, nunua kahawa, ngoja.
Saa hiyo sikutozi.

Sasa kona. Ukiteremka kutoka hekaluni, kilomita ya nane,
utaona kibanda cha mizimu, na mbele yake pundamilia,
wa saruji, wa plastiki, wakubwa kama ndama,
wadogo kama panya, wamejipanga wanatazama njia.
Wageni hucheka, hupiga picha. Cheka tu.
Kwenu pia, uliniambia,
mistari ya kuvukia mmeipa jina la mnyama huyo.
Kwenye kona ile hakuna mistari.
Tuliiomba miaka sita, ofisi ikatupa chai.
Basi tukaleta wanyama wenyewe
wawavushe waliokwama katikati.

Yule wa tatu kutoka kushoto, aliyevunjika sikio,
nilimnunua mimi. Mgeukie tumboni:
Phuwadon, kwa wino mzito, mkono wangu.
Miaka kumi na tisa.
Hakuwa amelewa. Hakuwa mgeni.
Kila shimo alilijua kwa jina,
angeweza kuipita kona ile amefumba macho,
na nadhani ndivyo alivyoipita.

Usinipe pole, kunywa maji.
Nakueleza ili usiuonee haya woga wako.
Nimeona mikono ilivyokutetemeka ulipojaribu uani,
nikasema, huyu nitampa.
Jana nilimnyima kijana aliyekuja akipiga mluzi.

Kofia hii. Si kwa ajili ya polisi wa darajani,
wao saa sita wanakwenda kula wali.
Kaza mkanda mpaka kidevu kilalamike.
Ndala hizo ziache hapa.
Kioo cha kulia kimelegea, bisibisi iko chini ya kiti.

Na ukifika penye kona
si lazima usimame, wala kuinamisha kichwa.
Wahesabu tu.
Nimejaribu mwenyewe: ukizidisha thelathini
huwezi kuwamaliza, watakuchanganya.
Ufunguo huu.
Jioni utaniambia ni wangapi.