Ndege Tatu

Lugha yetu ina bahili yake:
ndege anayetaga mayai, ndege inayotaga mabomu,
na ile ndege mbaya inayokukuta mlangoni
hujanawa hata uso,
zote jina moja.
Bibi Sikudhani alizipata tatu kwa mpigo,
Kigoma, anageuza dagaa mchangani.

Ilitoka ng'ambo, alisema, milima ya Kongo,
mbawa juu, mbawa chini, kama kitanda cha bweni,
na miguu yake mitumbwi miwili.
Mtumbwi angani! Akacheka mpaka akakaa.
Kisha maji ya bandari yakasimama wima
karibu na meli ya Mjerumani,
na dagaa wa siku tatu
wakasombwa na wimbi, wakarudi kwao.

Wakubwa waliandika: saa, upepo, uzito wa bomu,
chombo kipya, jaribio limefaulu.
Dagaa hawamo.

Hayo alimrithisha baba yangu, Ruhomvya,
ambaye ile vita ya Kagera ilimpa mpini wa pampu,
pipa hadi tangi, pipa hadi tangi,
uwanja wa vumbi, mafuta ya taa puani.
Madege yalishuka tumbo wazi,
yakameza magunia, vijana, masanduku ya chuma,
yakageuza pua kaskazini.
Baba alihesabu wanaopanda.
Wanaorudi hawakuwa zamu yake.

Usiku mmoja Koplo Mbwilo, fundi, mtu wa magazeti,
akamwambia: Ulaya huko wanajaribu
ndege isiyoonekana.
Baba akafuta mikono kwenye kaptura.
"Mbona hiyo tunayo.
Iliyomchukua mdogo wangu Hamenya
hatujaiona tena."

Mimi sijapanda hata moja. Nauza vocha Kibirizi.
Ila binti yangu Tunu, darasa la saba,
ameunda yake: boksi la sabuni, mota ya feni mbovu,
betri tatu za simu, gundi, gundi, gundi.
Jumamosi kairusha.
Nilihesabu (nimerithi kuhesabu)
sekunde kumi na moja,
halafu ikaegemea kushoto kama mlevi
ikaangukia chanja ya mama Zubeda.

Moyo ulinipiga. Huwa unanipiga
kila kitu kinachonguruma juu ya ziwa,
siku hizi zipo hata zisizo na rubani,
nani utamlaumu, nani utamlilia?

Mama Zubeda alishaivua kanga ya begani,
ameshafunika dagaa wake,
mkono kautangulia moyo, sijui nani alimfundisha.
Akainyanyua kwa bawa lililobaki.
Akaigeuza. Akainusa.
"Tunu," akasema, "hii ina tumbo la kubebea kitu?"
"Hapana, mama. Haiwezi."
"Vizuri. Isiwe nalo.
Ikipona uniletee, iniwingie kunguru."