Kifungo cha Tano

Upepo wa Trieste hauna adabu.
Umenipokonya kifungo nikivuka uwanja,
kikabingirika hadi mtaroni, huyo!
na koti likabaki wazi,
kama mdomo wa mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Nikaingia duka la karibu, kujikinga tu.
Livio anatengeneza miavuli.
Dari lote mbavu tupu, popo waliochunwa.
Mji huu, anasema, unaila kama mbuzi anavyokula shati kambani,
nami namshukuru mbuzi.
Kifungo? Hapana. Vuka barabara, kwa Nerina,
ila usimwambie nimekutuma mimi.
Tuna kesi ya paka.

Nerina anauza kofia. Hazina bei.
Anakusoma kichwa kwanza, kama daktari,
kisha anakuarifu kwamba ile unayoitaka
yenyewe haikutaki.
Nilijaribu ya kijani.
Akanivua taratibu, kwa huruma.
Paka alikuwa amelala ndani ya boksi la kofia za harusi,
mnene, rangi ya chai ya maziwa.
Sikuuliza ni wa nani.

Kule barabara kuu milango ya vioo
hujifungua yenyewe bila kukuona.
Huku kila mlango unakwama;
lazima uusukume kwa bega,
na kengele iliyopasuka
imwite mtu kutoka kwenye supu yake.

Kwa Egidio, muuza ramani, nilipotea nusu saa.
Nchi zilizokwisha kufa anaziuza kwa kilo.
Nilimwonyesha koti. Akatazama tundu lile,
akalipima kwa rula, akaandika namba kwenye risiti:
mtaa wa nyuma, ngazi ya chini, gonga mara mbili.

Hakuna kibao. Kizuri chajiuza, nadhani,
au bibi mwenyewe hapendi wateja.
Zora ana vifungo hadi ndani ya oveni.
Pembe, chaza, shaba ya jeshi lisilokumbuka vita vyake.
Akamwaga kopo, akachambua kwa kidole kimoja
kama achaguaye mawe kwenye mchele.
Hakuna pacha, akasema.
Akanipa chekundu.

Hakifanani, nikasema.
Ndiyo. Basi tusikifiche chini.
Akang'oa cha juu, akakishusha mahali pa kilichopotea,
na chekundu akakishona shingoni,
uzi akiukata kwa meno.
Wataona mtindo, akasema. Wewe nyamaza tu.
Euro moja na nusu. Uzi bure.

Nje, upepo ukaja mbio,
ukanipapasa kifuani, ukakuta pamefungwa,
ukaenda kumsumbua padri.

Livio alikuwa mlangoni, mwavuli mkononi, haujakunjuka.
Kile cha juu si chake, akasema.
Najua.
Akasogea, akashusha sauti:
Na kule kwa Nerina… uliona paka?

Nikalifunga koti hadi juu.
Paka? nikasema.
Paka gani?