Nandudu Mara Mbili

Gidongo, aliyenitangulia kwenye kiti hiki,
aliipanda data ya chama kama mti:
ushirika juu, chini yake vituo,
chini ya kituo mkulima,
chini ya mkulima kilo zake za kahawa.
Kila mtoto na mzazi mmoja, basi.

Sitauponda mti wake.
Ukiuliza, "Sisiyi wameleta ngapi?"
unashuka tawi moja, umefika,
jibu unalo kabla chai haijapoa.

Ila kituo cha Bunakhele kilipofungwa
alikata tawi,
na wakulima sitini wakaanguka nalo,
wazima, majembe mkononi,
hawamo tena kitabuni.

Na Nandudu ana mashamba mawili:
la marehemu mumewe, Sisiyi,
na la mama yake, upande wa Buginyanya.
Mti haumjui mtu wa matawi mawili.
Ukampasua.
Nandudu wa huku, kilo mia nne na kumi.
Nandudu wa kule, tisini na mbili.
Bonasi inaanzia mia tano.
Wote wawili wakakosa.
Alisimama dirishani pangu, Mbale, buti zina tope,
akauliza taratibu:
"Karani, huyo mwenzangu anakaa wapi?
Nataka nimsalimie."

Usiku ule sikulala.
Nikatandika majedwali
kama mikeka ya kuanikia buni:
wakulima huku, vituo kule, mizigo katikati,
hakuna aliyekaa juu ya mwenzake.
Kila mtu nikampa namba isiyo ya mwingine.
Nandudu: mia tatu kumi na saba.
Namba hiyo ina miguu.
Inaingia kwenye mizigo, inabisha hodi vituoni,
inarudi na jumla.

Ina gharama, sikatai.
Swali dogo sasa linapita milango mitatu,
kompyuta inahema kama mpagazi
anayeupanda Wanale na gunia,
na umeme ukikatika katikati ya kuunganisha
namkumbuka Gidongo, na chai yake ya moto.

Jumatatu Nandudu akaja.
Nikamsomea: mia tano na mbili.
Akanyamaza. Akahesabu upya kwa vidole.
"Na yule mwingine?"
"Amehamia kwako," nikamwambia.

Akachovya kidole gumba kwenye wino.
Mara moja tu.