Punje Nne

Garbosa kazaa saa nne usiku, ndama jike,
na kabla hakujakucha kalala chini,
shingo kaipinda ubavuni
kama anayesoma barua iliyoandikwa mgongoni mwake.
Masikio baridi. Pua kavu.
Theluji imeziba njia ya Somiedo,
Xuacu, daktari wa mifugo, kaja kwa miguu kutoka darajani.

Kagusa sikio, hakuuliza.
"Maziwa yamemkomba."
Ndoo ilikuwa pale, dang'a ya njano, nzito kama uji wa mgonjwa,
na mimi ndiye niliyemkama mpaka tone la mwisho,
nikijisifu.

Kalsiamu yake, chokaa ya damu, yote imo ndooni.
Mifupa imejaa, ghala la kilo na kilo,
ila mwenye funguo kasinzia.
Akiba haiozi, ndiyo,
lakini akiba isiyo na wa kuifungua ni jiwe tu.

Namjua mwenye funguo.
Nilikuwa nao wanne,
punje nne nyuma ya koo, kila moja kama dengu,
zikiionja damu usiku na mchana
kama mpishi asiyeuamini mchuzi wake.
Chokaa ikipungua, zinatuma neno.
Neno likifika mfupani, mfupa unakopesha.
Likifika kwenye figo: usimwage, hiyo ni mali.
Figo nayo inaiamsha vitamini ya jua,
inayokwenda kubisha hodi utumboni:
fungua, pitisha chochote kilicholiwa.
Ikitosha, punje zinanyamaza.
Kusema kwa wakati, kunyamaza kwa wakati.
Wangapi tunaweza?

Oviedo, miaka kumi na moja iliyopita,
walinitoa rovu, punje zikaenda nalo,
bila mtu kukusudia.
Mpasuaji aliniomba radhi akitazama dirisha.
Tangu hapo mimi ndiye punje zangu:
vidonge vinane kwa siku, simu inalia,
natafuna chaki kama mwalimu mwenye njaa.

Usiku wa ndama simu ilibaki jikoni.

Xuacu akatafuta mshipa wa shingo,
akanipa chupa niinue.
"Polepole," akasema, sikio lake kwenye moyo wa ng'ombe,
"ikienda mbio, huu unasimama."
Nikainua. Sisimizi wakaanza kutambaa midomoni mwangu.
Kisha vidole vikajikusanya vyenyewe,
vimenyooka, vimebanana, gumba ndani:
mkono wa mkunga,
ule ule uliomvuta ndama saa nne,
sasa unazalisha hewa.

"Etelvina. Na wewe?"
"Na mimi."
Akaipokea chupa kwa mkono wa kushoto.
"Viko wapi?"
"Karibu na mkate."
"Basi nenda, mama, mimi nina moyo mmoja tu wa kusikiliza."

Mlango niliufungua kwa kiwiko,
kifuniko kwa meno.

Niliporudi na vumbi jeupe mdomoni
Garbosa alikuwa anatetemeka mapaja.
Akapiga mbweu. Akaangusha mavi yenye mvuke,
Xuacu akacheka kama aliyelipwa deni la zamani.
Kisha makalio kwanza, akasimama,
akamtafuta mwanawe.

"Kesho usimkame yote," akasema akivaa koti.

Sikumjibu. Nilikuwa natazama vidole vikifunguka
kimoja kimoja,
gumba la mwisho.