Sekunde Kumi na Moja

Kanga nimeifunga chini ya kitovu.
Jeli ilikuwa baridi kama maji ya kisima cha alfajiri,
na nesi Kabula, miwani imemshuka puani,
akasogeza kile kidude cheupe
polepole, kama mtu anayepiga pasi kola.

Kimya.
Kisha mkwaruzo, kama redio ya marehemu baba
ikitafuta stesheni usiku wa mvua.
Kisha: du. Du. Du.
Nikashika ukingo wa kitanda.
"Huyo ni wewe," akasema, bila kuinua macho.
"Moyo wako huo. Tulia, tunamtafuta mwenzio."

Mwaka jana, Agosti, chumba hiki hiki,
pazia hili hili la maua ya bluu lenye tundu,
tulitafuta mpaka jeli ikakauka.
Nilirudi Isevya kwa miguu.
Njiani nikapita kwa fundi kuchukua dera
nililoagiza lishonwe kwa upana.
Nililipa. Nikashukuru.
Limo sandukuni, halijavaliwa.

Safari hii sikumwambia mtu.
Mama mkwe anadhani nina malaria.
Jirani anadhani nimeanza maringo, nakataa migebuka.
Bibi alikuwa akisema: mimba changa
ukiitaja barabarani, barabara inaondoka nayo.
Hata Mihayo nilimpa nusu ya habari.
"Nimechelewa," nikamwambia,
naye akatazama saa.

Nesi akabonyeza zaidi, kushoto, chini,
karibu na mfupa,
mahali ambapo mimi mwenyewe sikujua pana nafasi.
Na pale, nyuma ya moyo wangu unaojikokota,
mwingine.
Mdogo. Mbio.
"Mbona anakimbia hivyo?"
"Wote hukimbia," akasema, akiandika kwenye kadi.
"Mia moja sitini na tano kwa dakika.
Ana safari ndefu huyo, mwache."

Nikaomba simu yangu yenye kioo kilichopasuka,
nikarekodi sekunde kumi na moja,
moja kwa kila wiki, wala sikupanga iwe hivyo.
Ndani yake mlango unafungwa,
mtoto wa mtu analia koridoni,
na mimi nasema "subiri, subiri,"
sijui nilikuwa namwambia nani.
Nikaituma.

Mihayo yuko porini, kambi ya asali, mbele ya Sikonge.
Jina lake ni maneno, naye maneno hana.
Huko mtandao unapatikana juu ya kichuguu kimoja tu.
Wanaume hupanda kwa zamu, jioni,
simu zimeinuliwa kama wanaokinga matone.
Nilijua atafanyaje: ataibana sikioni
kama anavyobana sikio kwenye mzinga,
agonge gome mara moja,
azuie pumzi,
asubiri waliomo wamjibu.
Mizinga mingi haijibu. Haitukani wala haishushi.
Huikagua kamba, akaenda mti unaofuata.

Saa moja na robo simu ikaita.
Hakusema kitu. Nilisikia upepo,
na mtu akimhimiza ashuke, zamu imekwisha.
"Wamo," akasema.
"Nani?"
"Wamo."
"Ni mmoja tu, Mihayo."
"Wamo," akarudia, sauti imemkwama,
na salio likaisha.

Usiku nikavuta sanduku kutoka uvunguni.
Dera sikulivaa.
Nilikunjua mkono mmoja tu,
nikaunusa, unanuka naftalini,
nikaurudisha.

Kifuniko nikakiacha wazi.