Zima, Mzima

Saa kumi za usiku, Punta Arenas.
Upepo unasukuma bati la ghala kama mtu aliyesahau ufunguo.
Saa kumi na mbili watakata umeme, wabadilishe nguzo,
nami natakiwa kuilaza seva kabla giza halijailaza.

Naandika: zima.
Inajibu: hakuna seva inayofanya kazi hapa.
Haya. Naandika: washa.
Inajibu: siwezi, mlango umeshikwa na mwingine.

Mwingine nani, kama hayupo?

Narudia, herufi moja moja,
kama ninayesema na kiziwi.
Hakuna seva.
Na feni yake inanguruma chini ya meza, inanipuliza joto magotini,
taa ya kijani inanikonyeza.
Nasema zima, nayo mzima.
Nasema washa, kinachowasha ni kichwa changu, nakikuna.

Mle ndani mna msimu mzima wa sufu:
marobota elfu nne mia mbili na kumi na saba,
uzito, jina la shamba, deni la kila mkata manyoya.
Ningeweza kuichinja. Iko amri ya kuchinja,
haiulizi jina, haingoji shahada.
Lakini rekodi iliyokatwa katikati ya neno
hufufuka kilema,
na atakayeulizwa ni mimi.

Kaka yangu Ladislao alihama nyumba miaka sita iliyopita,
mitaa miwili tu kutoka ile ya zamani.
Mpaka leo tarishi hubisha kule kule,
huandika juu ya bahasha: hajulikani.
Naye yuko karibu tu, anakanda unga, anapiga mluzi.

Nikafungua orodha ya michakato.
Mstari mrefu, na mkiani mwake njia nisiyoijua:
/srv/lana/invierno
Usanidi huko, data huko, hata faili la namba yake huko.
Mimi nilikuwa nabisha kwenye saraka ya kawaida,
naambiwa ukweli mtupu na nyumba tupu.

Nikampigia don Eleodoro Oyarzún, ng'ambo, Porvenir.
Alipokea mlio wa pili, kana kwamba alinisubiri tangu astaafu.
"Diski ya kwanza ilijaa mwaka ule wa theluji," akasema.
"Nikaihamisha. Kwa usiku mmoja tu."
"Usiku huo, don Eleodoro, una miaka kumi na moja."
Akakohoa.
"Iliwashwa kwa kutajiwa njia. Izime kwa kuitajia njia."

Zima, nikaandika, na njia nyuma yake.
Safari hii haikukana. Ilisema: nangoja wateja watoke.
Mteja mmoja: mzani wa banda la tatu,
Nibaldo kaacha skrini wazi, kaenda kulala.
Nikavuka ua nimeinama, upepo ukinivua kofia,
nikaifunga.
Niliporudi kumbukumbu ilikuwa na mistari mitatu,
wa mwisho: imezimwa.
Magoti yangu yakapoa.

Mambo yangekuwa na adabu, ningeishia hapo.

Saa tatu umeme ukarudi. Nikaandika washa,
washa tu, macho yamejaa mchanga wa usingizi.
Ikaamka haraka, bila kununa, bila onyo hata moja.
Nilipaswa kushuku hapo.
Redio ikakwaruza: "Yasna, huku wanaona marobota sifuri."

Sifuri.
Nilikuwa nimewasha nyumba safi, iliyopigwa deki,
ambayo hakuna mtu aliyewahi kulala ndani yake.

Sikupiga kelele. Nilizima; ikatii papo hapo,
utii wa asiye na cha kupoteza.
Kisha washa, na njia, nikiisoma kwa sauti
huku kidole kikifuata kioo.
"Elfu nne mia mbili na kumi na saba," Nibaldo akasema,
kama anayetaja bei ya mkate.

Nikachukua chaki nyekundu ya kutia kondoo alama
nikaiandika njia yote juu ya mlango wa kabati la seva,
herufi kubwa kama kiganja.
Chini yake, kwa herufi ndogo:
usiku mmoja tu.